Nyumba Mbili za Kitanda Kimoja

Mama wa nyumba akitaka kujua ni mikono mingapi inayomhudumia bila ya yeye kuiona, na azunguke nyumbani mwake siku moja akihesabu vitu vya chuma vilivyopita kwa fundi. Aanzie mlangoni, kwenye bawaba, komeo na tumbuu linalotiwa kufuli. Aingie jikoni aitazame seredani ya makaa, kisha aiangalie mbuzi ya kukunia nazi, ambayo kibao chake ni kazi ya seremala lakini ulimi wake wenye meno umepigwa na mhunzi. Apite chumbani, kilipo kitanda cha chuma ambacho watoto wake wote wamelelewa juu yake. Na jioni taa ya ukumbini ikiwashwa, aone vile matundu yaliyokatwa kwa tindo katika bati la taa hiyo yanavyotandaza maua ya mwanga ukutani. Vyote hivyo vilitoka katika moto wa mtu fulani, na aghalabu hatulijui hata jina lake.

Juma hili, wapenzi wasomaji, tumeazimia kumzungumzia mtu huyo. Wazee wetu walimwita mhunzi au mfua chuma. Vijana humwita fundi wa vyuma. Neno tunalotaka kulifikisha ni moja: kila kitu anachokitengeneza kina nyumba mbili. Iko nyumba kinamoingia, ambamo kitapambwa, kitatumiwa na kuonyeshwa wageni. Na iko nyumba kilimotoka, ambamo mke na watoto wa fundi wanangoja malipo yake. Nyumba ya kwanza twaiona sote. Ya pili twaisahau, na katika kusahau huko hupita dhulma nyingi zinazotendwa na watu wema, wenye kusali na kufunga, ambao hata hawakukusudia kumdhulumu mtu.

Kazi kongwe ya mwambao

Wako wanaodhani kwamba kazi ya chuma ililetwa kwetu na wageni wa juzi. Sivyo. Mwanachuoni wa jiografia al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154 katika utawala wa Mfalme Roger wa Sisilia, aliwataja watu wa Malindi na wa Mombasa kuwa ni wachimbaji wa chuma, na akaeleza kwamba chuma kiliwaletea biashara na faida. Nao wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta huko Galu, pwani ya kusini katika Kwale, mabaki ya kazi ya kuyeyusha na kufua chuma. Basi mlio wa nyundo juu ya fuawe umesikika katika mwambao huu kwa karne nyingi.

Msomaji aliyewahi kuwapeleka watoto wake kuyatembelea magofu ya Gedi, ambayo mwaka 2024 yalitiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, huenda aliona jambo la ajabu katika majina ya nyumba zake. Bwana James Kirkman, aliyeanza kuchimbua pale mwaka 1948, hakuwa na njia ya kuyajua majina ya waliokaa ndani ya kuta zile. Kwa hiyo nyumba zilipewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe, na moja ikaitwa Nyumba ya Taa ya Chuma. Wenyewe wameondoka, majina yao hayakubaki, mali yao imetawanyika. Taa iliyopigwa na fundi ndiyo iliyobaki kuitambulisha nyumba yao.

Taa ilikuwa na daraja yake katika nyumba za watu wetu. Katika nyumba za mawe za Lamu kuta za ndani zilijengwa zidaka, safu juu ya safu, na humo viliwekwa vyombo vya fahari, misahafu na taa. Mtoto aliyelelewa katika nyumba kama hiyo, akifika chuoni na kusomeshwa Surat an-Nur, huufahamu kwa wepesi ule mfano wa taa iliyo ndani ya shubaka, kwa kuwa shubaka lenyewe alikuwa akiliona kila usiku kabla ya kulala.

Bandani kwa fundi

Ili tusiandike kwa kusikia tu, tulimtembelea fundi mmoja wa mjini Mombasa, ambaye alituruhusu kuyaandika aliyotuambia kwa sharti tusimtaje jina. Tulimkuta katika banda lake la mabati nyuma ya nyumba anayokaa, amejifunga ngozi kiunoni. "Karibuni, Sheikh," alitwambia. "Lakini leo kanzu hiyo haitatoka hapa ikiwa nyeupe." Na kweli haikutoka.

Fundi huyu alifunzwa na babake, ambaye aliuvukuta moto kwa mivukuto ya ngozi na kuuchochea kwa makaa ya vifuu vya nazi, yenye joto kali na jivu dogo. Yeye sasa anatumia feni ya umeme, na anayo mashine ya kuchomelea. Lakini fuawe ni ile ile ya marehemu babake, na nyundo aipendayo imebadilishwa mpini mara nyingi asizoweza kuzihesabu.

Siku hiyo alikuwa akitengeneza kichwa cha kitanda cha maharusi. Alitia fito ya chuma motoni, akatutaka tuitazame rangi yake wala tusimtazame yeye. "Chuma hakisemi uongo, Maalim," alisema. "Kikiwa chekundu cha kiza, bado kikaidi, ukikilazimisha kitaharibika. Kikiwa rangi ya embe mbivu, kitakutii. Kikiwa cheupe na kurusha cheche, basi kimeungua, hakifai tena." Maneno yake yanaafikiana na wanayoyafundisha watu wa elimu ya madini. Chuma huyeyuka kwa nyuzi 1538 za Selsiasi, na mfua chuma hukifinyanga kati ya nyuzi 900 na 1200 hivi. Fundi wetu hana kipimo cha joto ila jicho lake, na ndiyo sababu banda lake lina kiza hata adhuhuri. Mwanga wa jua ukiingia huificha rangi ya chuma, na fundi akaikosa.

Fito ilipofikia rangi ya embe aliitoa kwa koleo, akaipigapiga ncha juu ya fuawe mpaka ikawa nyembamba kama mkia, kisha akaizungusha kwenye kigezo ikawa pindo mfano wa ua. Mapindo mawili yanapokutana huyatoboa na kuyashika kwa ribiti iliyopashwa moto, kwa kuwa ribiti ikipoa husinyaa, na kwa kusinyaa huvikaza vyuma viwili pamoja. Kichwa kimoja cha kitanda, alitwambia, humchukua siku mbili.

Pembeni palikuwa na taa ya ukumbini aliyokuwa ameianza. Kwanza huchora nakshi yake kwa chaki juu ya bati, kisha huyakata matundu moja moja kwa tindo na nyundo ndogo. Halafu hufanya kazi ambayo mnunuzi haioni: huchukua tupa na kuzilainisha kingo za kila tundu, ndani na nje. Tulipomuuliza kwa nini anajisumbua na upande wa ndani usioonekana, alijibu, "Iko siku mama mwenye nyumba ataifuta vumbi."

Jibu hilo lilitukumbusha kisa cha Nabii Daud (a.s.) katika Surat Saba. Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma, kisha akamwamrisha atengeneze deraya zilizo kamili na apime sawasawa katika kuziunganisha pete zake. Yaani hata Nabii aliyepewa muujiza hakuachiwa afanye kazi ya kulipua. Kipawa kilikuja pamoja na agizo la kupima.

Nyumba ya pili

Baada ya sala ya Adhuhuri fundi alitukaribisha nyumbani kwake, hatua chache kutoka bandani. Ni vyumba viwili na ukumbi mdogo uliofagiliwa vizuri. Juu yetu ilining'inia taa iliyopinda upande mmoja, matundu yake makubwa kwa madogo bila mpango. Mkewe, aliyezungumza nasi kutoka kwenye mlango wa jikoni, alitutambua tunavyoitazama. "Hiyo ndiyo taa yake ya kwanza," alisema, "aliitengeneza angali mwanafunzi wa babake. Kila mwaka ataka kuitoa atie nyingine nzuri. Mimi humwambia, nzuri ni za kuuza, hii ni yetu."

Huyu mama ndiye mwandishi wa hesabu za mumewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye daftari analo. Alimtuma mwanawe wa kike atuletee. Kila ukurasa una safu tatu: kazi, arbuni na baki. Kazi iliyolipwa hupigwa mstari. Tulipekua kurasa, na safu ya baki ilikuwa na mistari michache kuliko tulivyotaraji.

"Sheikh," alisema mama yule, "watu hudhani deni lao liko bandani kwa fundi. Deni liko hapa jikoni."

Maneno hayo tuliyafikiri njiani, nasi twaomba msomaji ayafikiri pamoja nasi kwa njia ya hesabu. Tuchukue mfano wa kitanda kilichoagizwa kwa shilingi 20,000. Mwenye kuagiza ametoa arbuni ya shilingi 12,000, na fundi akazitumia zote kununulia chuma, makaa, umeme, rangi na usafiri wa kutoka dukani. Kitanda kikaisha, kikachukuliwa, na shilingi 8,000 zikabaki. Mwenye deni hujiliwaza akisema, "Nimeshalipa zaidi ya nusu." Kwa upande wake ni kweli. Lakini katika zile 12,000 fundi hakupata hata senti ya jasho lake. Zilipita mkononi mwake zikaenda kwa wauza chuma. Ujira wake wote, wa siku zote alizosimama mbele ya moto, umo ndani ya zile 8,000. Kwa hiyo anayezuilia baki hamzuilii fundi sehemu ya malipo. Amemzuilia malipo yote.

Mama yule alitusimulia habari ya kitanda kimoja cha arusi. Jamaa walikuja kwa haraka, siku zimekaribia, wakasihi kazi ikamilishwe upesi. Fundi alikesha siku tatu. Kitanda kilichukuliwa siku mbili kabla ya nikahi, kwa ahadi kwamba baki italetwa mambo yakitulia. Pilau ililiwa, mahema yakavunjwa, mambo yakatulia. Baki ikaja vipande vipande kwa muda wa miezi tisa. "Kufikia kipande cha mwisho," alisema, "bibi arusi alikuwa keshajifungua." Alisema hivyo huku akicheka, lakini binti yake hakucheka. Muhula mmoja katika miezi ile alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Fundi naye hakutaka tuandike upande mmoja. "Msituandike sisi mafundi kama malaika, Maalim," alituonya. "Tunao wenzetu, wachukua arbuni ya kitanda cha huyu wakanunulia chuma cha lango la yule. Kisha kila siku ni kesho, kesho, mpaka mtu achoke na njia ya kuja." Alisema kweli, na wasomaji wengi wanalijua jambo hilo. Bibi arusi aliyelala juu ya godoro sakafuni wiki ya kwanza ya ndoa yake kwa kuwa fundi alikula arbuni, naye amedhulumiwa. Ahadi ni deni, na deni hilo lina pande mbili.

Wahunzi wawili wa zama za Mtume

Katika sira wamo wahunzi wawili ambao visa vyao vinaingia moja kwa moja katika mazungumzo yetu.

Wa kwanza ni Khabbab bin al-Aratt (r.a.), miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kusilimu, ambaye alikuwa mhunzi Makka. Alimfanyia kazi al-As bin Wail, mmoja wa mabwana wa Kikureshi, na ujira ukabaki juu yake. Khabbab alipokwenda kudai, al-As alimwambia kwamba hatamlipa mpaka amkufuru Muhammad (s.a.w.). Khabbab alikataa, akasema hatafanya hivyo hata al-As afe na kufufuliwa. Yule bwana akafanya maskhara: basi na angoje afufuliwe, kwani huko atakuwa na mali na watoto, na ndiko atakakomlipa. Kwa ajili ya maneno hayo ziliteremka aya za Surat Maryam, kuanzia ya 77 mpaka ya 80, za kumkemea anayejigamba kwamba atapewa mali na watoto. Fikirini, wasomaji: dai la mhunzi mmoja asiye na ukoo wa kumtetea mjini Makka, na bwana aliyelifanyia mzaha, yamo katika sababu za kuteremka aya tunazozisoma mpaka leo. Bila shaka hapana katika wasomaji wetu anayemtaka fundi aiache dini yake. Lakini ule mtindo wa kumrusha mwenye haki mbele kila anapokuja kudai, kutoka mwisho wa mwezi huu mpaka wa ujao, asili yake si ngeni.

Wa pili ni Abu Sayf, mhunzi wa Madina. Mtume wetu (s.a.w.) alipojaaliwa mwanawe Ibrahim, alimkabidhi kwa mke wa mhunzi huyu amnyonyeshe. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kwamba Mtume alikuwa akienda viungani mwa Madina kumtazama mwanawe, nao wakifuatana naye. Siku moja walimkuta Abu Sayf akivukuta moto wake na nyumba imejaa moshi. Anas akatangulia mbio kumwambia asite kwanza, Mtume amefika. Akasita. Mtume akaingia, akamwita mtoto, akamkumbatia. Na ni katika nyumba hiyo ya mhunzi ambamo Anas alimwona Mtume akitokwa na machozi, Ibrahim alipokuwa akikata roho, katika mwaka wa 10 wa Hijra.

Waarabu wa zama zile waliidharau kazi ya uhunzi. Hata katika nchi yetu ziko jamii, kama Wamaasai, ambazo wahunzi walitengwa na wenziwe wasioane nao. Lakini Mtume hakuona haya kumweka mwanawe mpendwa katika nyumba yenye moshi wa kiwanda, wala hakumtaka Abu Sayf aache kazi yake ili nyumba iwe safi. Mzazi atakayeletewa posa na kijana mfua chuma, na moyo wake ukasita kwa sababu ya mikono yenye masizi, na aikumbuke nyumba ile.

Agizo na mkataba wake

Wanazuoni wetu hawakuliacha jambo la kuagiza kitu kitengenezwe bila kulipangia hukumu. Katika fiqhi huitwa istisna'. Madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao wetu, hayakuuhesabu kuwa ni mkataba unaosimama peke yake, bali yaliurudisha katika salam, ambapo kitu huelezwa sifa zake na bei hutolewa yote pale pale mkataba unapofungwa. Wanazuoni wa Kihanafi wao waliukubali kwa kuwa watu wameuzoea na wanauhitaji. Katika zama hizi, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, liliamua kwamba mkataba huu unazibana pande zote mbili yakitimia masharti yake: ielezwe jinsi ya kitu, aina yake, kadiri yake na sifa zinazotakiwa, na uwekwe muda wa kukikabidhi. Likaruhusu pia bei icheleweshwe au igawanywe kwa mafungu yenye nyakati maalumu.

Kwa lugha ya nyumbani, maana yake ni hii. Mtu asiende kwa fundi akasema tu, "Nitengenezee kitanda kizuri." Aseme upana na urefu, na kimo kutoka sakafuni. Aseme unene wa chuma, na kama ni cha ndani kitupu au kilichojaa. Ielezwe nakshi, ikiwezekana kwa mchoro, na rangi. Itajwe siku ya kukabidhi kwa tarehe, kwa maana "baada ya Idi" si tarehe. Igawanywe bei waziwazi, kiasi gani ni cha vifaa na kiasi gani ni ujira, na kila fungu liwekewe siku yake. Kisha yote yaandikwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, imehusu kuandikiana deni. Msomaji asiseme, "Fundi ni jirani yetu, tutaandikianaje?" Ujirani ndio unaostahili zaidi kulindwa kwa maandishi, kwa sababu ukivunjika hununui mwingine.

Na siku ya kuchukua kazi, mwenye kuagiza anayo haki ya kukagua. Akitikise kitanda kama kinayumba. Akiinamie atazame chini yake, kwa sababu kazi mbovu hujificha chini. Apitishe kiganja kwenye kingo. Atazame miisho ya mabomba kama imezibwa, maana maji yakiingia huozesha chuma kutoka ndani huku rangi ya nje ingali inang'aa. Kasoro akiiona aiseme pale pale. Akiridhika, alipe pale pale kama ndivyo walivyoagana. Tumefunzwa kwamba mfanya kazi apewe ujira wake kabla jasho halijamkauka, na kwamba mwenye uwezo anayeahirisha kulipa ametenda dhulma.

Kutunza kilichotengenezwa

Kukitunza kitu nako ni katika kuiheshimu kazi ya fundi. Hewa yetu ina chumvi ya bahari, na chumvi huharakisha kutu. Kitanda au taa ifutwe kwa kitambaa kikavu, si kwa maji. Doa la kutu likianza lisuguliwe kwa msasa, lipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu, kabla halijawa tundu. Miguu ya kitanda ivalishwe mpira isisimame juu ya sakafu yenye unyevu.

Taa ya chuma ya umeme ina jambo moja lisilofaa kupuuzwa. Chuma hupitisha umeme, na umeme wa majumbani mwetu una nguvu ya volti 240. Kwa hiyo aitwe fundi wa umeme anayeijua kazi yake, aufunge ule waya wa ardhini wenye rangi ya kijani na njano kwenye mwili wa taa, ili waya mwingine ukichubuka ndani asidhurike anayeigusa. Na watoto wanaopita karibu na banda wafundishwe kutoutazama mwanga wa kuchomelea, kwani huunguza macho na maumivu yake huja usiku.

Kabla ya pilau

Hatusemi kila nyumba ijae vyuma vya kuagiza. Samani za viwandani zinazouzwa madukani zina nafuu yake, na asiye na kitu hakalifishwi. Lakini mwenye kuchagua mkono wa fundi na ajue kwamba amefunga uhusiano na nyumba nyingine, yenye mama anayeandika daftari na mtoto anayengoja karo.

Basi, mama zetu mnaopanga arusi za mwezi ujao, orodha ya matumizi mnayo mezani. Mtazame jina la fundi limeandikwa wapi. Likiwa chini ya mahema, chini ya mpishi na chini ya mpiga picha, lipandisheni juu, kwa kuwa wale wengine watadai siku hiyo hiyo kwa sauti, na fundi ataona haya kudai mbele ya wageni. Nanyi mliokwisha kuoza, kumbukeni kama iko baki iliyosahaulika kwa miezi au miaka. Dawa ya deni ni kulipa. Mkiikumbuka, ipelekeni kabla ya Maghrib ya leo, na mwombe muoneshwe daftari likipigwa mstari.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie baraka nyumba zetu na nyumba za wanaotutengenezea vya kukalia, vya kulalia na vya kutumulikia. Wabillahi tawfiq.